Ruhusa ya Kumtaja Njue

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti linaendeleaje? Nimesikia mvua imewapita tena huko Kiritiri na ndengu zimekaukia shambani. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza haina adabu. Barua hii anakuletea binti wa mchungaji, anayerudi huko nyumbani. Sikutaka kulisema hili kwa simu, maana wewe huweka spika na boma zima linasikia.

Mzee ninayemhudumia alikuwa dereva wa lori, sasa hawezi kusimama bila kushikwa. Juzi nikimlisha uji, televisheni ilitangaza kwamba serikali yao inapunguza misaada kwa nchi za nje. Akapiga meza. "Vizuri! Nimekatwa kodi maisha yangu yote, na sijawahi kuona ilikokwenda."

Nilikumbuka ulivyoniambia kwamba dawa za kifua kikuu huenda zisiletwe tena hapo zahanati. Nikaweka kijiko chini. "Sehemu ya kodi hiyo ilikuja kwetu," nikamwambia. "Ilimponya mdogo wangu."

"Na wakubwa wenu hawali?"

"Wengine wanakula. Lakini vidonge alivimeza mdogo wangu mwenyewe, nikimwona."

Akauliza kama tulijua vilikotoka. Nikasema ukweli, hatukujua. Aliyekata utepe zahanati ni mheshimiwa wetu, kwa hivyo Njue alipopona tulimpelekea yeye mbuzi. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mbuzi wangu ameliwa na mtu mwingine!" Kisha macho yakamlowa.

Wewe ulitufundisha kwamba jirani akituletea mtama, kikapu chake hakirudi kitupu. Inaniuma kwamba hawa walitoa bila kujua, na sisi tukapokea bila kujua wa kumshukuru.

Mwisho wa mwezi mbunge wao atakuja kanisani kusikiliza maoni ya watu kuhusu misaada hiyo. Mzee ameniombea nafasi ya kusema. Lakini nikisema tu kwamba kuna watu walipona, nani atanisikiliza? Nataka kusema jina la Njue na kuonyesha picha yake.

Najua ulivyotuonya Njue alipougua: "Mtu akiuliza, semeni Njue ako Kangeta, anauza miraa." Shangazi anaamini hadi leo kwamba miezi ile alikuwa huko. Uliogopa watu wakijua ni kifua kikuu atakosa mke, na sikulaumu. Lakini hapo kijijini kuna watoto wa watu wanaokohoa sasa hivi, na dawa zikikatika tutawazika. Naogopa sana, Mama.

Msalimie shangazi, na muuguzi wa zahanati umwambie asikate tamaa.

Njue usimpe salamu tu. Mkalishe umsomee haya yote, kisha umuulize kama nimtaje. Ugonjwa ulikuwa wake. Siku tulipoamua kuuficha alikuwa amelala pale pale akitusikia, na hakuna aliyemuuliza.

Binti yako akupendaye,
Wawira