Hakimu Amevaa Miwani

Mama Mwenda wangu,

Mvua imeshika vizuri hapa Githongo, kahawa yako imechanua mpaka karibu na pale tulipokulaza, na mimi bado nimekukasirikia. Niseme hilo kwanza ndipo tuongee kwa amani. Mtu haondoki hivyo. Umetusomea hadithi miezi yote hiyo, mjane amenyang'anywa shamba na shemeji yake, kesi imefika mwisho, hakimu amevaa miwani, amefungua faili, amekohoa. Ukafunga kitabu, ukasema, "Haya, tutaendelea Alhamisi." Alhamisi ikafika ukiwa hospitalini, na hukurudi.

Nimekukosa, rafiki yangu. Nimekukosa hata nikiwa nakukasirikia.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umestaafu ualimu na hukujua ufanye nini na hiyo sauti yako. Ukaniambia nije maktaba unisomee. Nikakuuliza ni mwanamke gani wa hapa ataonekana amekaa mchana mikono mitupu, maharagwe yanamngoja nyumbani, asisemwe soko zima. Ukanijibu, "Basi njoo nayo." Nikaja na beseni. Kirimi, msimamizi wa maktaba, akasimama mlangoni chini ya lile tangazo lake la kukataza chakula. Ukamuuliza kwa sauti ya darasani kama amewahi kuona mtu akila maharagwe na maganda yake. Kijana uliyemfundisha kusoma wewe mwenyewe, angesema nini? Alienda kuleta magunia tutandike sakafuni.

Wakaja wengine. Huku tukiambua, wewe ukisoma ukurasa mmoja, unafunga kitabu na kidole ndani, halafu unatuangalia juu ya miwani: "Sasa, ungekuwa wewe ungefanya nini?" Hapo ndipo moto ulipowaka. Mama Kathure aliapa kwamba hakimu amekula hongo. Mimi nilisema mjane atashinda, na kama hatashinda nitaenda kuongea na aliyeandika hicho kitabu. Maganda yote nilibebea mbuzi wangu. Hakuna mbuzi waliosoma kama wangu katika Imenti nzima.

Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi tulikuja wote. Tukakaa palepale, tukaambua. Chumba kikajaa sauti ya maganda tu, nikashindwa, nikatoka nje nikalia kando ya tangi la maji.

Kirimi alijitahidi, Mungu ambariki. Alileta kitabu kingine akatusomea, lakini anasoma kama anayetangaza vifo redioni. Halafu akaja msichana wa chuo aliyekuwa hapo kwa mafunzo, akasoma mbio mpaka mjomba wa kwenye hadithi akafa na sisi hatujajua kwamba anaumwa. Wanawake wakaanza kupata visingizio. Huyu ng'ombe wake amezaa, yule ana mgeni. Mwishowe tukawa mimi na Mama Kathure na beseni zetu.

Kile kitabu chetu kilikuwa kwako, kwa kadi yako. Na nani angeenda kudai kitabu kwa mfiwa? Kirimi alinishika mkono akaniambia, "Mama Kinya, mimi siwezi. Huyo ni mume wa mwalimu wangu. Nitamwambiaje arudishe kitabu?"

Lakini siku moja akaniita pembeni. Kuna vijana wanaotaka kile chumba siku ya Alhamisi, wajifunze kutengeneza video kwa simu. Wazuri tu, nawajua mama zao. "Sitaki kuwafukuza, mama. Lakini chumba haiwezi kukaa hivi bure. Hii mwezi ikiisha nitawapatia."

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimekuzika mara moja, na sasa niliona tunakuzika tena, safari hii sisi wenyewe.

Nikaenda kwako.

Nikwambie ukweli kuhusu Baba Mwenda, kwa sababu najua ndicho unachotaka kusikia. Hakuwa anaongea. Ukimsalimia anaitikia, basi. Mwenda alikuwa anakuja kila mwisho wa wiki na kurudi kazini na wasiwasi. Nilimkuta kando ya zizi akikata nepia, yale majani ya ng'ombe. Nikasifu mvua, nikasifu ng'ombe, nikasifu hata nepia yenyewe, mpaka nikakosa cha kusifu. Nikasema, "Baba Mwenda, nisamehe, kuna kitabu ya maktaba."

Akaenda ndani. Akarudi nacho, lile ganda la maharagwe uliloweka alama bado limechomoza kati ya kurasa. Lakini hakunipa. Alikishika kwa mikono miwili, akakiangalia, halafu akasema, "Mama Kinya, yule hakimu alisema nini?"

Nikakaa pale pale juu ya nepia.

Kumbe wewe! Wewe uliyetukataza kuimwaga hadithi sokoni, kumbe kila Alhamisi mkila chakula cha jioni unamwaga yote! Anamjua shemeji, anajua mpaka rangi ya ng'ombe aliyeuzwa kulipa wakili. Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akatazama chini, mabega yakimtikisika, sikujua ni kicheko au ni kilio. Labda na yeye hakujua.

Nikamwambia hatujui hakimu alisema nini. Akauliza, "Na mnangojea nini?" Nikasema hatuna msomaji. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Si wewe unajua kusoma?"

Nikamwambia mimi nasoma kama anayechagua mawe kwenye mchele. Akasema, "Hiyo ni sawa. Yeye alikuwa akiniambia utamu sio kusoma. Utamu ni vile mnabishana." Ndipo akanipa kitabu. "Na mimi nitakuja."

Sikulazimika kumbembeleza mtu. Niliwaambia tu kwamba Baba Mwenda anakuja maktaba, na chumba kikajaa. Wengine walikuja kuona kama ni uongo. Akaingia amevaa koti lake la kanisani, beseni la maharagwe kwapani, akakaa karibu na mlango. Haambui vizuri, Mama Mwenda, nisikufiche. Anabana ganda kwa nguvu, maharagwe yanaruka mpaka chini ya rafu. Kirimi anayafagia hadi leo na halalamiki.

Nikafungua pale kwenye ganda lako. Nikasoma polepole, na kila neno liliponikwama wenzangu wakalidaka, mpaka tukawa tunasoma chumba kizima. Hakimu akapangusa miwani. Akakohoa tena. Akasema kesi imeahirishwa.

Ungesikia kelele! Mama Kathure alisimama, maharagwe yakamwagika: "Si niliwaambia? Huyo amekula!" Vijana wa video waliokuwa wanangojea nje wakaingia kuuliza nani amepigwa. Na juu ya hiyo kelele yote nikasikia kicheko nilichokuwa nimekisahau. Baba Mwenda alikuwa anacheka, na lile koti lake la kanisani.

Tulipotulia akasema, bila kuulizwa, "Yeye aliniambia huyo mama atashinda. Aliniambia hata hospitalini." Mama Kathure akainama kuokota maharagwe yake kwa muda mrefu.

Chumba ni chetu. Vijana wamepewa Ijumaa, na Alhamisi wawili wao hukaa nyuma kutusikiliza, wakidai wanangojea simu zijae chaji. Mwenda sasa hupigiwa simu na baba yake kila Alhamisi na kusimuliwa yote. Alinipigia kunishukuru, nikamwambia ashukuru yule mjane.

Zimebaki kurasa chache. Tumekubaliana sura ya mwisho hatutaisomea maktaba. Kirimi ataandika kwamba ni shughuli ya nje, tutakuja na beseni zetu mpaka kwako, tukae kando ya kahawa, nisome kwa sauti uisikie. Nimekuahidi hivyo leo asubuhi nikipalilia miguuni pako, na ninakuahidi tena kwa maandishi. Kitabu nalala nacho nyumbani na sijachungulia mbele, ingawa Mama Kathure ananishuku.

Pumzika, mwalimu. Na kama huko uliko mwisho wake unajulikana, usiniambie. Ningojee tufike pamoja.

Wako,
Mama Kinya