Chemchemi Tuliyoifagia

Alhamisi jioni

Sijui hata nimlaumu nani. Mimi ndiye niliyemwandikia yule Mwingereza, Bwana Misitu, kwamba miti juu ya chemchemi yetu imekatwa, udongo unaporomokea mferejini, na tunaomba fedha za miche.

Leo nimempandisha huko kukagua. Tunafika, wazee wamekwisha kuuzibua mfereji, makorongo wameyafunika kwa majani ya migomba, masale, mimea yetu ya heshima, wameichomeka kila upande. Pamefagiliwa kama kanisani siku ya Pasaka! Lakini mgeni anakuja, wangemwonyesha uchafu?

Nilitaka kuyafunua yale majani, na wazee wote wananitazama...

Bwana Misitu akatabasamu. "Nyinyi mnajiweza. Fedha nitawapelekea wenye shida."

Mvua ya kwanza tu, majani yote yatakwenda na maji. Nimekosea mimi, au wao, au yeye?

Mzee Ndesario, mkuu wa mfereji, alinisindikiza kwa furaha tele. "Mwalimu, umeona alivyotusifu? Mwandikie aje tena. Safari hiyo mawe tutayapaka chokaa."

Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Kalamu ninayo mkononi, na sijui naanzaje.