Mwinyi, Joka Langu

Jumapili, 6 Julai 2008

Mwinyi amefika daraja la sitini! Nimepiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani nimeungua.

Nikamwonyesha. Akatazama kioo cha gemu, akanitazama mimi. Kumbe ni lile joka lako, akasema, akarudi kwenye chungu chake. Hajui anachokikosa.

Naandika humu kwa Kiswahili cha mama, alichokuja nacho kutoka Unguja akiwa msichana, kwa sababu kaka yangu Houmadi ana tabia ya kupekua vitu vyangu. Kimalagasi anasoma, Kifaransa anasoma. Hiki hakiwezi. Na apekue!

Sasa nimsifu Mwinyi kwa nafasi, maana hapa nyumbani nikianza tu watu wanainuka. Kwenye gemu jina lake halisi ni Tourmadrak. Unanasa viumbe, unawalea, unawapiganisha na wa wenzako, na katika viumbe vyote hivyo, mia mbili na ushee, hakuna anayemfikia huyu. Mgongo wa mawe ya kijani. Mbawa hadi kioo hakimtoshi. Mkia anauburuta polepole, kama mtu mwenye mali asiyeharakishwa na yeyote. Ndiyo maana nikamwita Mwinyi.

Ana asili mbili, mawe na upepo. Moto unampapasa. Maji yanamwosha. Sumu — anapiga chafya tu! Barafu peke yake ndiyo inamuuma, na nani asiyeumwa na kitu? Houmadi anasema ni mzito. Ni mzito, ndiyo! Anamwacha mwenzake apige kwanza, anapokea, anatikisa mabega, halafu anajibu mara moja. Sijaona anayesubiri jibu la pili.

Na kinachonifurahisha zaidi: watu hawakumtaka. Akiwa mchanga ni funza mwenye kokoto mgongoni, hana pigo la maana, na anabaki hivyo mpaka daraja la arobaini na nane. Hapa Hell-Ville, mji wetu wa kisiwa cha Nosy Be, kila aliyemnasa alimtupa. Mimi nilimlea miaka miwili. Nimegombana na watu kwa ajili ya funza, na sasa wanaomba nimtoe tu wamwone.

Jumatano, 9 Julai 2008

Habari kubwa. Fazul, mwenye ukumbi wa magemu kule Mahajanga, anaandaa mashindano. Mshindi anakwenda Réunion mwezi ujao kucheza na watu wa visiwa vingine. Nauli juu yao, malazi juu yao.

Nimemwambia Baba, akakunja uso. Nikajua hatakubali. Halafu akasema nitakwenda, nitafikia kwa shangazi Oumi, dada yake, na Houmadi anisindikize. Nikishinda, Réunion, na yeye mwenyewe ataniombea pasipoti. Nikishindwa, naingia dukani kwake kupima vitambaa na tusisikie tena habari za majoka katika nyumba hii. Umri wangu ni miaka kumi na tisa, akasema, kana kwamba mimi sijui.

Nimekubali haraka hata akashangaa. Sikuona cha kufikiria. Yeye ana duka, mimi nina Mwinyi.

Jumapili, 13 Julai 2008

Tumempeleka mama kisiwa cha jirani, Nosy Komba, na vitambaa vyake vya kudarizi. Watalii wengi. Kijana mmoja Mfaransa, pua imeungua na jua, alikuwa na kimashine cha gemu kama changu lakini kipya. Akauliza kama najua kucheza. Najua kidogo, nikasema!

Alitoa nyoka wa moto. Mwinyi akampokea. Akatoa ndege wa umeme. Mwinyi ana mawe, umeme utampata wapi? Akatoa wa tatu, sikumwona vizuri hata jina, aliondoka upesi mno. Kijana akauliza huyo nimemnunua wapi. Nikamwambia ni yule funza wa pango la pili. Akasema, yule? Yule wa kutupa? Ndiyo yule.

Mama ameuza vitambaa vyote kwa wazazi wa kijana huyo. Njiani anasema labda joka lina baraka kidogo.

Alhamisi, 24 Julai 2008

Mahajanga. Barabara imenivunja kiuno, sitaki hata kuielezea.

Shangazi Oumi anakaa Tsaramandroso, mitaa michache kutoka kwa Fazul. Ametupikia wali wa nazi, akanigeuza huku na huku kama kitambaa, akasema nimekonda, akauliza nitaolewa lini. Houmadi akajibu kwamba nimeshaolewa na joka. Wote wakacheka. Nilicheka pia, nimeshiba na kesho kutwa ni siku yangu.

Kila mchezaji anaingia na viumbe watatu, wanaandikishwa Jumamosi asubuhi na hawabadilishwi tena. Wangu ni Mwinyi mbele ya wote. Nyuma yake kobe wangu Tofali, kazi yake kuvumilia. Na Kibibi, ndege wa barafu. Kibibi nilimlea kwa sababu moja tu, kumzoesha Mwinyi baridi. Maskini, ametwangwa na Mwinyi zaidi ya mtu yeyote.

Ijumaa, 25 Julai 2008

Sijui nianzie wapi. Nimefanya ujinga.

Baada ya swala ya Ijumaa amekuja kijana anayeitwa Soudjay, wa Boanamary, kamletea shangazi kamba wa mto. Mrefu, meno mengi, kofia ya kijani. Naye ameingia mashindano ya Fazul. Shangazi akauliza ukoo wa mama yake, wakafuata majina ya mababu, mara shangazi akapiga makofi. Ziva! Ninyi ni ziva!

Yaani watani. Bibi yetu mzaa baba ni Msakalava, na watu wake na watu wa kina Soudjay wanataniana tangu kabla bibi huyo hajazaliwa. Mtani akikutukana, unacheka. Akitaka kitu chako, unampa. Ukinuna umeaibisha wote, walio hai na waliokwisha kwenda. Kule nyumbani sikuwa na ziva wa rika langu hata mmoja. Nilifurahi mno. Nikataka kuonyesha kwamba najua mila.

Basi nikanyoosha mkono nikamvua kofia. Nikasema kofia hii yangu, kichwa kama hicho hakistahili. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Houmadi alicheka. Soudjay alicheka kuliko wote, akasema nimempendeza, chukua, ni yako.

Halafu akatazama kimashine changu juu ya meza. Akasema, kwa upole kabisa: na mimi basi nataka joka.

Nilidhani anatania. Anatania, ndiyo — lakini utani wenyewe ndio huo! Nikamtazama shangazi. Akasema, wewe ndiye uliyefungua mlango, mwanangu. Houmadi akaacha kucheka. Angeweza kusema neno, ni kaka yangu mkubwa. Akaanza kuhesabu kamba.

Nimempa. Vimashine viwili vikakaa uso kwa uso, Mwinyi akakunja mbawa, akapita kutoka kwangu kwenda kwake, mstari mweupe, basi. Kwake limebaki jina nililompa, MWINYI, gemu haikubali kulibadilisha. Yeye akanirudishia kaa fulani mwenye macho mabaya.

Nilicheka mpaka alipofunga mlango. Sijawahi kucheka vibaya vile. Sasa nimevaa kofia ya kijani na moyo unaniuma.

Jumamosi, 26 Julai 2008, alfajiri

Shangazi kaja na chai. Anasema nisilie, ziva ni kwenda na kurudi: siku yoyote nikimdai Soudjay joka, hawezi kukataa, kama mimi nilivyoshindwa kukataa.

Nimefikiri sana. Naweza kwenda sasa hivi kabla ya kuandikisha. Lakini nikimfuata asubuhi hii, kabla ya chai kupoa, huko si kutania. Huko ni kununa kwa adabu, na mji mzima utajua. Hapana. Nitamdai mashindano yakiisha, kwa kicheko, mbele za watu.

Wananiambia tangu zamani: si Faouzia anayeshinda, ni joka. Na mimi nilikuwa nawajibu, ndiyo, ni joka! Kwa fahari. Leo nimeikumbuka sentensi hiyo na haikunifurahisha hata kidogo.

Naingia na Tofali, Kibibi na kaa.

Jumamosi, 26 Julai 2008, jioni

Nimeshinda. Nimeshinda! Yote ya leo!

Kaa ana macho mabaya lakini ana mkono. Tofali amevumilia kama kawaida yake. Na Kibibi — jamani, Kibibi! Miaka miwili ya kupigwa na Mwinyi imemfanya asimwogope mtu. Wote wa leo walimpiga, akawatazama kama anauliza, ndiyo hicho tu?

Upande wa pili wa ukumbi nilisikia watu wakiguna kwa mshangao kila mara. Sikuhitaji kuuliza. Najua mguno huo, ni wa mbawa zikifunguka. Niligeuka mara moja tu. Soudjay anamtumia ovyo, anamtanguliza kila mahali, hampumzishi. Hata hivyo anashinda. Ndivyo Mwinyi alivyo, hata mjinga akimshika anaonekana fundi.

Nilijisikia fahari, kisha nikajisikia mpumbavu kwa kuona fahari.

Fainali kesho: mimi na Soudjay. Houmadi ameleta mishikaki na kunipa ya kwake miwili, kwa hiyo anaogopa.

Jumapili, 27 Julai 2008, alasiri

Niko ukumbini kwa Fazul. Mchezo umesimama katikati. Imeadhiniwa alasiri na Fazul akasema hapigani mtu na adhana, wote wakaenda msikiti wa jirani. Vimashine vyetu viko mezani, vimefunikwa kitambaa, binti yake Zaïtoun anavilinda asiguse mtu. Mimi niko katika siku zangu, siswali. Ndipo nimepata nafasi ya kuandika.

Ilivyo mpaka sasa. Kaa wangu amekwisha, Tofali amekwisha. Wawili wa Soudjay wamekwisha. Amebaki Kibibi, uhai wake nusu. Na kwake amebaki Mwinyi.

Alipotoka ukumbi uliguna, nami nikaguna nao! Sikuwahi kumwona kutoka upande huu. Siku zote namwona mgongo. Kumbe ana uso, jamani. Anatisha na anapendeza. Nikakaa nikimtazama mpaka Fazul akanikumbusha kwamba zamu ni yangu.

Kibibi ana mbio. Akampiga barafu, Mwinyi akayumba, akajibu. Kibibi akabaki na nusu. Akampiga tena. Uhai wa Mwinyi ukashuka, ukashuka, ukaingia kwenye nyekundu, ukasimama ncha tu. Hapo hapo adhana.

Kila mtu alitoka akiniambia hongera. Kibibi ni mwepesi, atapiga kwanza, pigo moja na basi. Houmadi alinishika bega akasema Réunion, macho yana maji.

Lakini hawajui. Nilikuwa simwachii Mwinyi kufika hapo mbele ya watu, ndiyo maana hakuna aliyeona. Niliona mimi, nyumbani, siku niliyozembea. Uhai wake ukiingia kwenye nyekundu, mawe ya mgongoni yanawaka. Kuanzia hapo yeye ndiye anayepiga kwanza, awe mwenzake mwepesi namna gani, na pigo la mkia linakuwa mara mbili. Uzito wote unageuka kasi. Katika uwezo wake wote huo ndio ninaoupenda zaidi. Kibibi hatabaki.

Kwa hiyo ninashindwa. Soudjay akibonyeza mkia, nimeshindwa, na Jumatatu ya wiki ijayo niko dukani na mita ya Baba. Akibonyeza kitu kingine, nimeshinda. Hajui pigo lipi. Naomba asijue.

Wanarudi. Wanavua viatu mlangoni.

Soudjay hajaketi. Anamwambia Fazul, kwa sauti ya watu wote, kwamba hana haja ya kumaliza. Mjomba wake anamsubiri na mashua ya kurudi Boanamary. Apewe ushindi huyo ziva wake, anasema, amemtoa jasho. Watu wanapiga makofi. Fazul ananipa mkono. Ni mimi! Nimeshinda, ni kusema asante tu.

Na sasa anaongeza, maana ni mtani na hawezi kuondoka bila kuacha neno. Anasema afadhali angerudishiwa kofia yake kuliko hilo joka. Joka gani, gunia la mawe, linasifiwa na mwanamke mmoja tu wa Nosy Be. Wote wanacheka. Houmadi anacheka. Mtani akitukana, unacheka.

Sicheki. Siwezi.

Gunia la mawe!

Nimemwambia akae chini. Imetoka yenyewe. Nimemwambia mchezo haujaisha na hajui amemshika nani. Fazul anauliza kama nina akili zangu. Houmadi ananikanyaga mguu chini ya meza, ananikanyaga tena. Soudjay amesimama ameshika mgongo wa kiti, ananitazama, meno yote yamejificha. Hajui kama huu ni utani au si utani. Hata mimi sijui. Baba, nisamehe.

Amekaa. Zaïtoun amefunua kitambaa. Mawe yanawaka mgongoni na watu wameanza kusogea kuyaona.

Soudjay ameinama juu ya meza, ananiuliza polepole: basi nibonyeze nini?