Kipande cha Maharage na Simu Yako Kuukuu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na ile miteremko? Nauliza kwa sababu najua husemi mpaka uulizwe. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inanikohoza, na uji wao si uji.

Nakuandikia kukushukuru. Kazi yangu unaijua: mfumo wa kuendeshea simu usio na mwenyewe, anayeuweza anaruhusiwa kuuchukua na kuurekebisha. Ndio niliokuwekea kwenye simu yako, walioiunda walipoitupa mkono. Mwezi uliopita kampuni kubwa ilitaka kutuajiri sote sita tunaoutengeneza. Mfumo ungebaki bila mtu wa kuutunza, na simu kama yako zingekufa polepole. Nilikuwa nimeshakubali moyoni, Mama. Nilikuwa nimechoka.

Ndipo ukanitumia ule ujumbe wa sauti, kuku wakipiga kelele nyuma yako: "Kile kipande chako cha maharage nimekilima tena. Kikilala pori ukoo utampa mwingine, na huna la kusema. Mjomba wako ameshapita mara mbili kukiangalia."

Nilikaa jikoni nikalia. Miaka minne niliyo huku umenilimia na hukuniambia.

Kesho yake kwenye kikao niliwaeleza wenzangu habari za shamba la ukoo, kwamba kwetu Uluguru ardhi ni ya upande wa mama na haiuzwi, ila ukiacha kulima unakipoteza kipande chako. Mkuu wetu, mama mmoja mkavu asiyecheka, akauliza, "Kwa hiyo anayelima ndiye mwenye shamba?" Nikamjibu kwamba kwa mama yangu ndivyo ilivyo. Akasema yeye anabaki.

Wawili wameondoka, siwalaumu, wana watoto. Tumebaki wanne, mshahara umepungua, na kama mwakani tutakuwepo sijui. Lakini simu yako itaendelea kupata marekebisho. Kazi hiyo nimeishika mwenyewe.

Nisalimie mama mdogo wa Kilakala aliyenilea nikisoma, na Bibi, umwambie kitenge chake nakivaa hata ofisini. Mjomba naye msalimie, mwambie nimesikia anapita.

Asante kwa kila tuta, Mama. Masika ijayo usinilimie. Nimeshaomba likizo. Niwekee jembe tu, lile jepesi.

Binti yako,
Mwanaidi