Funguo za Zahanati

Kaka yangu,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Mama hajambo, bado anamsema mume wangu kwa kukoroma, utadhani analala naye yeye. Zahanati yetu imepakwa rangi mpya, ila muuguzi amehamishiwa mjini na hajaletwa mwingine.

Jumanne asubuhi wifi alishikwa na uchungu. Tulimfikisha pale, tukamkuta mlinzi peke yake.

"Mama, funguo ninazo," alimwambia Mama, "lakini wa kumzalisha hayupo."

Tukaomba lori la mchanga litupeleke hospitali kuu. Mtoto alizaliwa njiani, mikononi mwa Mama. Wa kiume, kaka, sura yako tupu. Hakulia. Mama alimpulizia pumzi mdomoni, akapuliza, akapuliza, hadi nikamshika mabega nikamwambia, "Mama, basi."

Tulimzika jioni ile ile. Wifi yuko hai, anakula kidogo. Kukuambia kwenye simu nilishindwa.

Ukija, usimwambie mkeo kwamba Mungu atawapa mwingine. Kila anayekuja kumpa pole anamwambia hivyo, naye anageukia ukutani.

Ni mimi dada yako, niliyeishiwa na maneno.