Papa Asiye na Haraka ya Kuzaa

Minayo mjukuu wangu,

Huku Shinyalu tu wazima, na mahindi yameanza kutoa ndevu. Lakini barua yako imenishtua mimi kukhu wako hadi nikaketi chini. Ati huyo papa mnayemchunguza kwenye bahari ya barafu hazai mpaka afikishe kama miaka mia moja na hamsini? Mungu wangu!

Halafu unauliza kama umechelewa kuolewa.

Mwaka wa uhuru nilikuwa na miaka ishirini, nasomea uuguzi. Watu wakishangilia bendera, shangazi yangu alinishika mkono akalia mbele ya wageni: "Huyu ameshazeeka! Nani atamchukua?" Kwa aibu, nusura niache masomo.

Kumbe shangazi angemjua papa wako, angemlilia miaka mia moja na thelathini, naye papa anaogelea tu, polepole.