Kuku Amepita Kwa Theluji

Audrey,

Githeri iko kwa sufuria, pasha moto kwanza. Nimeenda Kawangware kwa kina Eddah, nitarudi jioni.

Ile picha yako ya theluji ~~paka ndiye~~ hapana, ni mimi nimeiharibu. Asubuhi nilipata rangi ya mafuta bado mbichi, nikaianika nje kwa jua kama samaki wa omena. Kuku akatembea juu yake, kutoka kwa ile nyumba uliyochora mpaka kwa miti.

Nisamehe, mama. Najua mwalimu anaitaka kesho. Lakini jana si ulilia ukisema inakaa kama mahali hakuna mtu anaishi? Kabla ufute hizo nyayo, simama mlangoni uiangalie kwa mbali. Mimi niliona mtu ametoka nyumbani mapema, na hiyo baridi yote.

Kuku usimchape. Miguu bado ni nyeupe, na anatembea kama msanii.

Nyanyako